Nyumba yangu Jambiani: meseji kibao, wanaokuja kulala hamna. Wageni siriasi mnawapataje?

kijana_wa_kusini

Wakuu habari za mihangaiko. Tuna nyumba ya familia Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na baraza kubwa, ukitoka getini unapita nyumba mbili uko mchangani. Ndugu zangu wengine wako Dar wengine Muscat, nyumba ilikuwa imekaa tu inaliwa na chumvi, tukakubaliana tuiweke Airbnb (ule mtandao wa kukodisha nyumba kwa wageni) na page ya Instagram angalau ipate hela ya kujitunza yenyewe.

Sasa shida sio kwamba watu hawaioni, wanaiona sana, meseji zinaingia mpaka nachoka. Ila mtu wa kulipa na kuja kulala ndo kizungumkuti. Mmoja anakuja na "bei ya mwisho?" hata salamu hamna, kama vile nauza pikipiki. Mwingine anauliza swimming pool iko upande gani wakati hakuna picha hata moja yenye pool. Kuna kijana wa Dar anataka kuleta wenzake 14 kwenye besdei na spika wanakuja nayo. Kuna mzungu kaulizia mwezi mzima, tukachat weee, nikampa mpaka historia ya kijiji, akasema atafikiria na ndo imetoka hiyo. Na yupo mwingine analazimisha nimpe namba ya WhatsApp kabla hajasema hata anakuja lini, eti kampuni yake ndo italipa.

Bei ni dola 55 kwa usiku nyumba nzima. Shemeji ananambia shusha mpaka 30 utaona maajabu. Tangazo kaliandika mpwa wangu kwa Kingereza, kwa kifupi linasema nyumba nzuri ufukweni, bahari ya bluu, karibu na kila kitu, inamfaa kila mtu. Picha za simu ila sio mbaya.

Wenye uzoefu naombeni msaada, nyie mnawachujaje hawa watu mkabaki na wa maana? Nishushe bei kweli au kuna kitu kingine?

upepo_wa_kusi

Mkuu mi nasimamia nyumba tatu Paje, sio zangu, za watu, miaka kadhaa sasa. Bei iache kwanza. Shida iko kwenye hiyo sentensi "inamfaa kila mtu". Ukimwita kila mtu, kila mtu anakuja kuuliza, hata yule ambaye nyumba yako haimfai kabisa. Kazi ya tangazo ni kumwita mmoja na kuwafukuza kumi kabla hawajakuandikia.

Ntakuuliza swali moja, tangazo lako linasema nini kuhusu maji kupwa? Naona kabisa halisemi kitu. Picha mmepiga maji yamejaa, bluu mpaka ukutani, si ndio? Sasa mgeni anafika saa nne asubuhi siku ya bamvua (mwezi mpya au mpevu, maji yanapojaa na kutoka sana) anakuta bahari imekimbia mamia ya mita, anaona mchanga, majani, madimbwi na kinamama wanakwenda kwenye mwani. Anahisi katapeliwa. Anaandika rivyu "hakuna bahari". Na yule mjanja zaidi anasoma rivyu za majirani zako, anakuja inboksi kukuuliza maswali ishirini kwa sababu tangazo lako limemficha kitu, halafu anaenda kubuku Nungwi ambako maji hayakimbii mbali hivyo.

Weka picha mbili, maji yamejaa na maji yametoka, ZOTE mbili ziwe nzuri. Chini yake andika wazi kwamba huku mashariki maji yanajaa mara mbili na kutoka mara mbili kila siku, kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, siku za bamvua yanakuwa nje kabisa kwenye saa nne asubuhi na yanajaa kwenye saa kumi jioni, siku za maji mafu hayaendi mbali. Mwambie aje na viatu vya maji kwa ajili ya wale wadudu wenye miiba myeusi. Jedwali la maji liko bure mtandaoni, mgeni akishabuku mtumie la wiki yake. Hapo yule anayetaka kuogelea muda wowote anajua hii sio yake anaenda zake bila kukusumbua, na yule anayependa kutembea mpaka kwenye mwamba anasema hapa ndo penyewe.

Pili amua nyumba yako ni ya nani. Wanaokuja Jambiani nawajua mimi. Wapo wa kaiti (wanaoteleza baharini kwa ubao na tiara), hawa wanafata upepo, kusi kuanzia Juni mpaka Septemba na kaskazi Desemba mpaka kwenye Machi, wanakaa muda mrefu na hawana mambo mengi, wanataka sehemu ya kuanika vifaa na bomba la nje la maji baridi. Wengi wanalala Paje ila Paje saivi kuna kelele usiku, kwa hiyo wale watu wazima kidogo wanashuka kwenu. Wapo makapo wanaotaka ukimya. Zipo familia zenye watoto wadogo, hawa ndo wanapenda maji yakitoka maana mtoto anacheza kwenye dimbwi la magotini. Na wapo wa laptop wanaokaa mwezi. Vyumba viwili na baraza? Mi ningeandika kwa ajili ya familia na wa laptop, hao wengine watajiongeza.

Alafu acha kujibu maswali tu, na wewe uliza. Mtu akiandika meseji mjibu kwa ukarimu mistari miwili halafu muulize mnakuja wangapi, watoto wana umri gani, ndege inatua saa ngapi. Mtu mwenye safari ya kweli ana majibu mkononi. Asiye na safari hajibu, na wewe hujapoteza jioni yako kumsimulia historia ya kijiji 😂

Bin_Shamte

Shusha bei tu kaka. Maneno mengi. Mtu anaangalia bei na picha basi.

upepo_wa_kusi

@Bin_Shamte ukishusha mpaka 30 unapata wale wale wa bei ya mwisho, ila sasa watataka 20. Na nyumba ya chumvi ile, rangi, mabati, kiyoyozi, pampu, kwa dola 30 unamlipa nani? Bei ya kuanzia sawa, hilo nakubali, nyumba mpya isiyo na rivyu haiwezi kuuza sawa na yenye rivyu 80. Airbnb wenyewe wana ile ofa ya tangazo jipya, asilimia 20 chini kwa wageni watatu wa mwanzo, halafu bei inarudi yenyewe. Hiyo inatosha.

Mama Nassor

Assalaam alaykum. Nimesoma yote nimeona hapa watu mnawasema sana wateja wa Dar kama wababaishaji. Jamani, mimi nyumba yangu Bwejuu bila watu wa Dar miezi ya masika ingekuwa imefungwa. Aprili na Mei mvua inanyesha hoteli nyingine zinafunga kabisa, mzungu humuoni. Nani anakuja? Watu wetu. Pasaka, Idd, Sabasaba, Nanenane, wikiendi ndefu yoyote ile, mtu anapanda boti Dar asubuhi, safari ya saa mbili hivi yuko bandarini Malindi mjini Unguja, mchana yuko kwangu anakula pweza.

Tatizo ni kwamba mnawapokea bila utaratibu. Bei yangu ya wazawa nimeiandika hapo hapo juu kwenye page, kwa shilingi, siku za kawaida hii na sikukuu hii, watu mwisho wanne, wa tano na kuendelea analipiwa. Kwa hiyo "bei ya mwisho" siipati sana. Anayeuliza hivyo hivyo namtumia ile picha ya bei bila maneno mengine, bila hasira.

Halafu arubuni, yaani malipo ya kutangulia. Hakuna arubuni hakuna tarehe. Nusu inaingia kwa simu, jina linatokea, namwandikia WhatsApp tarehe fulani mpaka fulani, watu kadhaa, muziki mwisho saa nne usiku, ukighairi ndani ya wiki moja hela hairudi, naomba ujibu "nimekubali". Asiyetuma arubuni mpaka jioni tarehe naiachia. Nakwambia hapo ndo utajua nani ana safari na nani anaota. Yule wa besdei ya watu 14 usimtukane, mwambie nyumba ni ya watu wanne watano, mpe namba ya mwenye nyumba kubwa, kesho atakukumbuka akija na mkewe.

Kitu kingine, Ramadhani. Mgeni wa nje mwambie mapema kabla hajalipa kwamba mchana mikahawa mingi ya kijijini imefungwa na kula barabarani haifai, ila ndani ya nyumba yako na jiko analo yuko huru, na jioni futari atapelekewa. Mimi kuna wageni wanachagua mwezi huo makusudi kwa sababu ya utulivu. Ila yule asiyeambiwa ananuna wiki nzima.

mlinzi_wa_zamu

Nije kwenye yule wa "nipe WhatsApp, kampuni italipa". Kaka huyo sio mgeni, huyo yuko kazini.

Inakwenda hivi mara nyingi. Anakutoa nje ya Airbnb. Anasema analipa kwa hundi au uhamisho wa benki, anakutumia karatasi ya malipo imezidi, ulimwambia 800 yeye "kwa bahati mbaya" kalipa 2,000, anaomba ile ya juu umtumie dereva wake au ejenti wake leo leo maana wanaondoka. Wewe unatuma hela yako halali. Ile yake haiji kamwe, au inakuja kutoka kwenye kadi ya wizi inarudishwa wiki zijazo. Wengine wanakutumia linki ya "thibitisha malipo yako" inayofanana kabisa na ukurasa wa Airbnb, unaweka nywila yako, tangazo linahama mikono.

Sheria yangu ni fupi. Aliyenipata ndani ya Airbnb analipa ndani ya Airbnb. Namba za simu mnapeana akishabuku, kabla ya hapo wenyewe wanazificha na kuna sababu. Hela wanakutumia kama saa 24 baada ya mgeni kuingia, sio siku anayobuku, kwa hiyo usishangae ukaanza kulalamika huku na huku. Na ukimchukua nje unavunja masharti yao na mgeni akivunja kioo hakuna wa kumlilia.

Pia weka sera ya kughairi vizuri. Ile nyepesi mgeni anaghairi mpaka siku moja kabla anarudishiwa zote, ile ya wastani ni siku 5 kabla. Nyumba moja kama yako mi ningeweka ya wastani. Ukiweka ngumu sana na huna rivyu unawatisha wazuri pia. Kubuku moja kwa moja bila kukuomba iwashe, ila tiki pale kwenye sharti la kwamba mgeni awe na rekodi nzuri. Booking.com nayo sio mbaya, ila ukiiacha kwenye lipa ukifika utapata majina mengi kwenye kalenda na vitanda vitupu.

kijana_wa_kusini

Aisee ahsanteni sana, hii shule. @upepo_wa_kusi umenishika pabaya kwenye picha, ni kweli zote maji yamejaa tena mpwa wangu alisubiri makusudi 😅

@Mama Nassor shikamoo mama, hilo la bei kwa shilingi nimelichukua kama lilivyo.

Maswali mawili matatu. Msikiti uko nyuma yetu kabisa, adhana ya alfajiri unaisikia kitandani. Hilo nalo niandike? Naogopa watakimbia wote. Waifai tunayo ila sio ya ajabu, umeme unakata saa nyingine. Na vibali, kuna mtu kaniambia nyumba ya mtu binafsi haihitaji chochote, ni kweli?

bi_mwani

Andika mwanangu. Andika kwa adabu tu, "msikiti wa kijiji uko karibu, adhana ya alfajiri inasikika, na majogoo pia". Mimi nimeandika na vibanio vya masikio nimeweka juu ya meza ya kitanda. Hakuna aliyewahi kuniandikia vibaya kwa hilo. Wanalalamika mtu akishtushwa, akiambiwa mapema anakuja mwenyewe kukuambia leo muadhini kabadilika.

Papasi nao usisahau. Waambie wageni kwamba ufukweni watafuatwa na vijana wa safari na shanga, wakisema "hapana ahsante" kwa upole yanaisha. Na wewe uwe na mtu wako mmoja wa kuaminika wa boti na mmoja wa teksi, bei mmekubaliana kabla, iandike kabisa. Mgeni anatua usiku, hajui Jambiani iko wapi, kutoka uwanja wa ndege ni mwendo wa saa na zaidi, akijua dereva yupo na jina lake lipo anabuku. Anayebana matumizi mwambie daladala ya 309 ipo ila sio usiku na sio na masanduku matatu.

Jingine ambalo wageni wa nje wanaulizana sana ni bima. Tangu Oktoba 1, 2024 mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima yake ya kwao. Iandike kwenye meseji ya kwanza baada ya kubuku, mwelekeze ainunue kwenye tovuti rasmi sio kwa matapeli. Watu wamenishukuru kwa hilo kuliko kwa kitanda.

Vibali usidanganywe. Ukipokea watalii kwa hela, Kamisheni ya Utalii inakuhusu na ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar) wanakuhusu, nenda kaulize ofisini kwao daraja la nyumba yako, usiulize barazani. Na sheha wako (kiongozi wa serikali hapo kijijini) mpe taarifa kabla hajasikia kwa wengine, ukikwama siku moja saa sita za usiku na mgeni mgonjwa ni yeye atakayekushika mkono. Na mgeni mwenye akili akiona namba ya leseni kwenye tangazo roho inatulia.

upepo_wa_kusi

Naongezea kwenye waifai. Usiandike "waifai ya kasi". Pima, piga skrinishoti, weka kwenye picha za tangazo, asubuhi na usiku. Wa laptop anaangalia hiyo kabla ya kitanda. Kama ni ndogo sema ni ndogo, inatosha meseji na video za kawaida, haitoshi mikutano. Umeme nunua inveta na betri hata ya kuendesha ruta, taa na feni tu, sio lazima kiyoyozi. Halafu ndo unaandika "umeme ukikata, waifai na feni vinaendelea". Sentensi hiyo moja inakupa mtu wa mwezi. Na weka punguzo la mwezi, la kueleweka, na kima cha chini usiku tatu ili wale wa kuja kulala usiku mmoja kusubiri ndege wasikukatie kalenda.

Superhost (ile beji ya Airbnb ya wenyeji bora) usiiwazie sana mwanzoni ila ujue wanachoangalia, rivyu 4.8, kujibu asilimia 90, usighairi wewe, na safari 10 kwa mwaka. Hapo kwenye kujibu ndo wengi mnaanguka, wajibu hata wale wa ovyo, ndani ya saa 24. Tengeneza majibu matatu ya kunakili.

kijana_wa_kusini

Wakuu nimekaa na mpwa jana usiku tumeandika upya, naweka kwa Kiswahili hapa mniambie kabla hatujatafsiri:

"Nyumba tulivu ya kijijini Jambiani kwa familia ndogo au mtu anayefanya kazi kwa laptop. Vyumba viwili, watu wanne. Dakika mbili kwa miguu mpaka mchangani. Bahari hapa inajaa na kutoka mara mbili kwa siku, angalia picha ya tatu na ya nne. Maji yakitoka unaweza kutembea mpaka kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza huku Paje na Jambiani mwaka 1989, na jirani yetu anaweza kukuonyesha kinavyofanyika. Hakuna swimming pool. Hakuna pati. Adhana ya alfajiri na majogoo vinasikika. Umeme ukikata, waifai na feni vinaendelea. Mwezi wa Julai Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya, unafanyika Makunduchi, karibu tu kwa gari. Tuambie mnakuja wangapi na ndege inatua saa ngapi, tutapanga dereva."

Inveta tunanunua wiki hii, hatuweki tangazo mpaka ifungwe.

Bin_Shamte

Haya hapo mmeniweza, mi mwenyewe ningekuja.

Mama Nassor

Imekaa vizuri. Hiyo ya "dakika mbili" nenda kapime na mtoto mdogo mkononi, kama ni nne andika nne. Na umesahau jiko. Familia inataka kujua ni gesi au umeme, friji ipo, maji ya kunywa mnaweka dumu, chandarua kila kitanda, na maji ya moto yapo au hayapo. Mama mwenye mtoto anasoma hayo kwanza. Nani anapika akitaka kupikiwa? Kama yupo dada wa kijijini weka bei yake ya siku, iwe yake yeye, wewe usikate kitu.

kijana_wa_kusini

Gesi mama, friji ipo, chandarua vipo. Maji ya moto chumba kimoja tu. Naandika hivyo hivyo kimoja. Dada yupo, ntaongea naye kesho kuhusu bei.